Onyesho la sanaa lipimwe kwa mikataba yake, si kwa mada yake tu

Mhariri,

Siku hizi ni nadra msimu wa sanaa kupita bila onyesho linalohusu mazingira: bahari iliyojaa plastiki, misitu iliyofyekwa, barafu inayoyeyuka. Kurasa za sanaa magazetini, za gazeti lako zikiwemo, huyasifu maonyesho hayo kwa ujumbe wake. Hatuna ugomvi na ujumbe. Tunachoomba ni kwamba wahakiki na watazamaji walitazame onyesho kwa upande wake wa pili pia, upande wa makasha, viyoyozi, mikataba na bajeti, maana huko ndiko inakojulikana kama kazi imefanywa kwa haki au imefanywa kwa kuwaumiza wengine. Mambo hayo hayaamuliwi siku ya ufunguzi. Huamuliwa miezi kumi au zaidi kabla, mratibu wa maonyesho anapokaa kuandika orodha ya kazi anazozitaka.

Mwaka 2015, wakati wa mkutano wa tabianchi wa Paris, msanii Olafur Eliasson na mwanajiolojia Minik Rosing waliweka vipande 12 vya barafu kutoka Greenland mbele ya jengo la Panthéon, viyeyuke mbele ya watu. Wengi waliuliza kama haikuwa unafiki kusafirisha barafu umbali wote huo ili kulalamikia joto. Swali lilikuwa halali, na lilipewa jibu la namba: Julie's Bicycle, shirika la Uingereza linalosaidia sekta ya sanaa katika masuala ya mazingira, lilikokotoa hewa ya ukaa iliyotokana na kazi hiyo, takriban tani 30, sehemu kubwa kabisa ikiwa ni ya usafirishaji, na hesabu ikatolewa hadharani. Mtu anaweza kuikubali au kuikataa kazi ile, lakini anajua anachokikubali. Maonyesho mengi yanayohubiri mazingira hayatoi hata mstari mmoja wa hesabu ya namna hiyo.

Usafiri ndio wenye mzigo mkubwa, kwa hiyo tuanzie hapo. Ndege ya mizigo hutoa takriban gramu 500 za hewa ya ukaa, na mara nyingi zaidi ya hapo, kwa kila tani moja inayobebwa kilomita moja. Meli ya makontena hutoa gramu 10 hadi 20. Chukua makasha 10 yenye kilo 55 kila moja. Kwa ndege, safari ya kilomita 8,000 itatoa tani 2.2 hivi za hewa ya ukaa. Kwa meli, hata njia ikizunguka na kufika kilomita 12,000, ni kilo 100 hivi. Kisha kuna bei: mizigo ya ndege hulipiwa kwa ujazo pale ujazo unapozidi uzito, na kanuni ya kawaida ni sentimita za ujazo 6,000 kuhesabiwa kilo moja. Kasha la sentimita 150 kwa 120 kwa 40 lina uzito wa kilo 55 kwenye mizani, lakini ankara itasema kilo 120. Jumba la sanaa linalipia hewa iliyomo ndani ya kasha zaidi ya mchoro wenyewe.

Kwa nini basi kila mtu anakimbilia ndege? Kwa sababu orodha ya kazi ilichelewa. Meli huhitaji wiki 6 hadi 10 kwa kila upande ukijumlisha kontena kusubiri kujaa, bandari na forodha, na mratibu aliyefunga orodha wiki 8 kabla ya ufunguzi ameshajifungia njia. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya onyesho safi ni ya kalenda: orodha ifungwe miezi saba kabla, na kazi zinazotoka upande mmoja wa dunia zikusanywe ghala moja zisafiri pamoja. Hati ya forodha ya ATA, ile inayoruhusu kazi kuingia nchi kwa muda bila ushuru, hudumu mwaka mmoja tu. Onyesho la miezi sita lenye safari mbili za meli linaweza kuumaliza mwaka huo kazi ikiwa bado baharini. Siku hizo zihesabiwe kabla ya kusaini.

Bahari ina hatari zake na hazifai kufichwa. Kontena lililo juu ya sitaha likipigwa jua linaweza kufika nyuzi 60 za Selsiasi ndani, na usiku likipoa unyevu hugeuka matone kwenye paa na kudondokea mzigo. Dawa yake inajulikana: uombe kwa maandishi kontena lipangwe chini ya sitaha, mfuniko wa kasha uwe na mpira wa kuziba pande zote, ndani kuwe na karatasi ya alumini ya kuzuia unyevu pamoja na silika jeli, yaani chembe zinazofyonza unyevu, na kila shehena iwe na kifaa kidogo kinachorekodi joto na unyevu ili kampuni ya bima isibishane baadaye. Nta isipande meli. Wala mchoro wa rangi ya mafuta uliomalizwa juzi, kwa kuwa rangi nene ya mafuta huchukua miezi sita hadi mwaka kukauka na itagandamana na chochote kitakachoigusa. Kazi kama hizo zisubiri onyesho jingine. Mratibu asiye na uwezo wa kusema "kazi hii haisafiri mwaka huu" hana sera ya mazingira, hata akiichapisha kwenye tovuti.

Msindikizaji naye. Kwa miaka mingi kazi ya thamani ilisafiri na mtu wa jumba linaloazimisha, aliyepanda ndege kwenda kushuhudia kasha likifunguliwa, kisha akarudi kulishuhudia likifungwa. Tangu mwaka 2020, safari ziliposimama kwa janga la korona, majumba mengi yalifanya ushuhuda huo kwa video, na kazi zilifika salama. Kinachotakiwa ni ripoti ya hali ya kazi yenye picha za pembe nne, mgongo na kila ufa, kamera mbili wakati wa kufungua, na fundi mmoja mwenye uzoefu anayekubalika na pande zote mbili. Kwa vitu dhaifu mno mtu aende. Kwa fremu ya picha yenye kioo, haihitajiki.

Makasha yanastahili kusemwa zaidi kwa sababu yanatupwa kwa wingi mno. Kasha zuri ni la plaiwudi ya milimita 12 au zaidi, lenye mifupa ya mbao nje, na mfuniko wake hufungwa kwa bolti zinazoingia kwenye nati zilizopachikwa ndani ya ubao. Ukitumia skrubu za mbao, matundu hulegea baada ya kufungua na kufunga mara chache, fundi anaongeza skrubu nene, ubao unapasuka, kasha linaishia jalalani. Ndani, kazi ikae kwenye fremu yake ya safari, na fremu hiyo ndiyo ishikwe na sponji. Hivyo kasha moja hubadilishiwa fremu na kubeba kazi nyingine mwaka unaofuata. Sponji iwe ya polithini, unene wa milimita 50. Sponji ya poliurethani, ile ya magodoro, huwa njano na kumomonyoka ndani ya miaka michache huku ikitoa mvuke unaodhuru rangi na metali. Kosa jingine la kawaida ni kuzungushia kazi nyepesi sponji pande zote. Sponji hufanya kazi pale tu uzito unapoibonyeza kidogo. Kazi nyepesi iliyokaa juu ya eneo kubwa la sponji ni kama imekaa juu ya ubao mtupu, na mshtuko wote unaingia. Weka vipande vidogo kwenye pembe. Plastiki yenye vipovu nayo isiguse uso wa rangi, kwani huacha alama za duara zisizotoka.

Anayetumia tena makasha ajue kanuni ya kimataifa ya ISPM 15. Mbao ghafi za vifungashio lazima zipashwe joto hadi kiini chake kifike nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, kisha zipigwe muhuri wenye herufi HT. Plaiwudi haihusiki kwa kuwa ilishapikwa kiwandani. Kasha la zamani likikarabatiwa kwa kipande kimoja tu cha mbao kisicho na muhuri, linaweza kuzuiwa bandarini. Muhuri wa MB maana yake mbao zilifukizwa kwa methili bromidi, gesi inayokula tabaka la ozoni. Achana nazo.

Njia bora kuliko kasha lolote ni kazi kusafiri kama maelekezo. Michoro ya ukutani ya msanii Mmarekani Sol LeWitt, aliyoianza mwaka 1968, husafiri kwa cheti na mchoro wa maelekezo, ikachorwa ukutani na watu wengine na kupakwa rangi juu onyesho likiisha. Wasanii wengi wa leo wako tayari kwa utaratibu huo wakiulizwa mapema, lakini mkataba wake unataka uangalifu: vipimo na kiasi cha kupungua au kuzidi kinachoruhusiwa, aina ya rangi na karatasi, sampuli inayoidhinishwa na msanii kabla ya kazi yenyewe, na tarehe ya kuharibu nakala pamoja na picha ya ushahidi. Bila kipengele hicho cha mwisho nakala hujikuta sokoni. Tena wanaoitengeneza kazi hiyo walipwe kama mafundi na majina yao yaandikwe ukutani. Kuokoa kaboni kwa jasho la wasiotajwa ni kuhamisha dhuluma.

Baada ya usafiri huja hewa ya ndani ya jumba. Kwa miongo mingi mikataba ya kuazima imedai nyuzi 20 au 21 na unyevu wa asilimia 50, ukiruhusiwa kupanda au kushuka asilimia 5 tu. Kuubana unyevu kiasi hicho ni ghali kwa sababu ya namna mitambo inavyofanya kazi: ili kuondoa unyevu, hewa hupozwa hadi maji yadondoke, kisha hupashwa tena ili chumba kisiwe baridi. Unalipia umeme mara mbili kwa hewa ileile. Kundi la Bizot, linalowakutanisha wakurugenzi wa makumbusho makubwa duniani, lilikubaliana katikati ya miaka ya 2010 na kurejea tena mwaka 2023 kwamba vitu vingi viko salama kati ya nyuzi 16 na 25 na unyevu wa asilimia 40 hadi 60, mradi unyevu usibadilike zaidi ya asilimia 10 ndani ya saa 24. Pamoja na hayo, mikataba mingi inanakiliwa ileile ya zamani kwa sababu ndiyo iliyoko kwenye kompyuta ya ofisi.

Kulegeza hakufanywi kwa kuzima mtambo siku moja. Weka vifaa vya kurekodi katika kila chumba, kimoja karibu na mlango na kimoja nyuma ya kazi iliyoko kwenye ukuta wa nje, virekodi kila dakika 15 kwa mwaka mzima au walau katika miezi ya joto na ya mvua. Kisha badilisha nyuzi moja na asilimia 2 za unyevu kwa wiki, ukizitazama kazi zenyewe pamoja na grafu. Panapoharibika ni nyuma ya michoro, ambako hewa haizunguki: unyevu ukizidi asilimia 65 au 70 ukungu huota, na huonekana umeshaenea. Acha nafasi ya sentimita 2 au 3 kati ya mgongo na ukuta. Rangi ya akriliki hukakamaa kwenye baridi na kunata kwenye joto, kwa hiyo isikunjwe wala kubebwa asubuhi ya baridi kali. Chuma huhitaji hewa kavu kuliko mbao. Kazi chache zinazodai hali ya pekee ziwekwe kwenye kabati la kioo lililozibwa vizuri, lenye silika jeli ya kawaida kilo 20 kwa kila mita ya ujazo, yaani kilo 10 kwa kabati la nusu mita ya ujazo. Usichukue ile yenye rangi ya bluu. Rangi hiyo ni kloridi ya kobalti, ambayo ni sumu. Kupoza jengo zima kwa ajili ya vitu vitatu hakuna utetezi.

Taa ni hesabu nyepesi. Taa 60 za halojeni za wati 50, zikiwaka saa 8 kwa siku 90, hula kilowati-saa 2,160. Taa 60 za LED za wati 7 hula 302 hivi, na joto zinaloingiza chumbani ni dogo, hivyo kiyoyozi nacho kinapumzika. Karatasi na vitambaa vibaki kwenye mwanga wa luksi 50.

Kuta za muda ni aibu ya fani yetu. Hujengwa kwa jipsamu na misumari, hupakwa rangi, hubomolewa baada ya wiki 12, na bodi hizo zikizikwa jalalani pamoja na takataka zinazooza hutoa salfidi ya hidrojeni, gesi yenye sumu. Paneli za sentimita 122 kwa 244 zilizofungwa kwa skrubu bila gundi hutumika onyesho baada ya onyesho, mradi mbuni apange chumba kwa vipimo hivyo tangu mwanzo badala ya kuzikata ziendane na mchoro wake. Maandishi ya stika za plastiki ya PVC hayawezi kutumika mara ya pili kwa namna yoyote. Stensili na rangi ya maji hufanya kazi hiyohiyo. Lakini si kila kitu kilichookotwa kinafaa karibu na sanaa. MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, hutoa mvuke wa formaldehaidi na mti wa mwaloni hutoa asidi ya asetiki, na kabati lililofungwa hukusanya mvuke huo hadi metali ikachafuka. Kipimo cha Oddy hueleza mapema: nyenzo hufungiwa na vipande vya fedha, shaba na risasi, pamoja na maji kidogo, kwenye nyuzi 60 kwa siku 28. Vipande vikibaki safi, tumia.

Sasa fedha, ambako mazingira na haki hukutana. Akiba inayopatikana kwa kuacha ndege, kuta mpya na umeme wa ziada ina pa kwenda, nako ni kwenye ujira wa msanii. Bado kuna majumba yanayomlipa seremala, mchapishaji, mpishi wa hafla na mlinzi, halafu yakamwambia msanii kwamba kuonekana ndiyo malipo yake. Kanada iliona mapema: chama cha wasanii cha CARFAC kilianzishwa mwaka 1968 kudai malipo ya kuonyeshwa, na tangu 1988 sheria ya hakimiliki ya nchi hiyo inatambua haki hiyo kwa kazi isiyowekwa kwa ajili ya kuuzwa. Marekani, kundi la kutetea ujira wa wasanii la W.A.G.E., lililoanza New York mwaka 2008, hukokotoa kima cha chini kulingana na matumizi ya mwaka ya taasisi, na kutoa cheti kwa zinazolipa. Kwa vitendo, mstari wa ujira uandikwe wa kwanza kwenye bajeti, mbali na gharama za kutengeneza kazi na za safari. Nusu ilipwe siku ya kusaini na nusu siku ya ufunguzi. Gharama za kutengeneza zitangulizwe, zisirudishwe baadaye kwa risiti, kwa maana utaratibu wa risiti humchuja msanii asiye na akiba kabla hata hajaanza.

Mkataba huohuo useme nani anafadhili. Tate, taasisi ya majumba ya sanaa ya Uingereza, ilifadhiliwa na kampuni ya mafuta ya BP kwa zaidi ya miaka 25, hadi 2017, huku kundi la Liberate Tate likiandamana ndani ya kumbi zake tangu 2010. Mahakama ya Uingereza inayoamua mashauri ya haki ya kupata habari ilipolazimisha takwimu zitolewe, ilijulikana kwamba kati ya 1990 na 2006 wastani ulikuwa pauni 224,000 kwa mwaka, kiasi kidogo kwa taasisi ya ukubwa ule. Jina la heshima lilikuwa limeuzwa rahisi. Kuhusu familia ya Sackler, wafadhili wa sanaa waliomiliki kampuni ya dawa ya Purdue, makumbusho ya Louvre ya Paris iliondoa jina lao mwaka 2019 na Metropolitan ya New York mwaka 2021, baada ya kampeni iliyoongozwa na mpiga picha Nan Goldin juu ya dawa za opioidi, yaani dawa za maumivu zenye kuleta uraibu, zilizouzwa na kampuni hiyo. Jina lisitolewe milele. Miaka mitano, kipengele cha kuliondoa sifa ikiharibika, na msanii ajulishwe mfadhili ni nani kabla hajasaini, akiwa na haki ya kujitoa bila faini.

Kulipia miti ipandwe mahali pengine ili kufuta safari ya ndege tunaliweka mwisho kabisa. Mti huchukua miongo kufyonza kilichotolewa kwa saa tisa, na unaweza kuungua kabla. Anayetaka kuanza kupima apate kikokotoo cha bure cha Gallery Climate Coalition, muungano ulioanzishwa London mwaka 2020 ukiwa na lengo la kupunguza angalau nusu ya hewa chafu ya sekta ifikapo 2030. Aanze na onyesho lililopita, si lijalo, kwa sababu ankara zake zipo tayari.

Ombi letu kwako, Mhariri, halihitaji ukurasa mpya. Chini ya kila uhakiki wa onyesho chapisha majibu ya maswali manne: kazi zilifikaje, jumba linashika joto na unyevu wa kiasi gani, je, msanii alilipwa ujira mbali na gharama, na kuta zitakwenda wapi onyesho likifungwa. Mwandishi ayatume kwa jumba wiki moja kabla ya kuandika. Jumba likikaa kimya, mahali pa jibu paandikwe "halikujibu", na uhakiki utoke kama kawaida.

Waratibu na mafundi wa maonyesho ya sanaa